Viatu vya Shamba na Viatu vya Jumapili



Wazee wetu walinena, "Mdharau mwiba, mguu huota tende." Neno hili tumelisikia tangu utoto, na wengi wetu twawafundisha watoto kulisema kwa ufasaha darasani, lakini tukiisha kutoka darasani twashika jembe, twaenda shambani miguu mitupu. Mwezi huu twapenda kunena habari ya jambo dogo, dogo hata huenda mtu akacheka kuliona limeandikwa, nalo ni viatu vya kulimia. Twawaomba msicheke kabla hamjasikia sababu yake. Kwa maana sisi wenyewe tulijifunza kwa gharama, na gharama ile aliilipa mtoto.

Sisi twakaa upande wa Muheza, nchi ya michungwa, minazi na mihogo. Ardhi yetu ni njema, ina unyevu na kivuli, na mvua za masika zinyeshapo udongo hulainika hata jembe huzama kama lenyewe. Miaka kadhaa iliyopita binti yetu mmoja, mwenye umri wa miaka kumi, alianza kulegea. Asubuhi alikwenda shule nyuma ya wenzake, darasani alisinzia, jioni, akitumwa maji, alipumzika mara mbili njiani. Habari ikatufikia kwamba mtoto hajitahidi tena. Nasi, badala ya kumtazama mtoto, tuliisikiliza habari. Tukamkemea. Tukamwita mvivu mbele ya ndugu zake. Na ili ajifunze kazi, tukamwongezea palizi ya mihogo kila Jumamosi. Hakujibu neno, akaenda.

Siku moja mama yake alimkuta nyuma ya jiko anatafuna udongo wa ukuta. Akamshika, akamfunua kope za chini za macho, akaona ndani hamna wekundu. Kesho yake tulikwenda naye zahanati, akapimwa damu na choo. Muuguzi wa pale, mama mtu mzima ambaye amewazalisha akina mama wengi wa kijiji chetu, alituita kando akatuambia kwa upole, "Mwalimu, mtoto huyu si mvivu. Ana safura. Damu ya kucheza na wenziwe hana, seuze ya kulima." Kisha akauliza, "Shambani huvaa nini?" Tukajibu kwamba hana viatu vya shamba. Akauliza tena, "Hana viatu kabisa?"

Hapo tuliona haya. Viatu alikuwa navyo. Vilikuwa vya ngozi nyeupe, tulimnunulia wakati wa Krismasi, navyo vilikaa sandukuni vimefungwa katika karatasi, havina hata mkwaruzo mmoja. Jumapili alivivaa toka mlangoni petu mpaka kanisani, akaketi navyo benchini saa mbili, akarudi, vikafutwa, vikafungwa tena. Siku sita nyingine, alipokuwa akiukanyaga udongo wenyewe, hakuwa na kitu mguuni.

Ndugu zetu, twauliza: je, sisi peke yetu tuliokosea hivyo? Fungueni masanduku ya nyumba zenu mwone.

UDONGO UNA NINI?

Mtu huweza kusema, "Babu zetu walilima bila viatu, wakazaa, wakazeeka." Ni kweli, walilima. Lakini wengi walizikwa mapema pasipo mtu kujua sababu, na waliozeeka ndio tuwakumbukao. Leo sababu nyingi zimejulikana, naye aijuaye hatari hana udhuru tena.

Tuanze na safura yenyewe. Minyoo yake ni midogo, urefu wake wapata sentimita 1, nayo hujishika katika utumbo mwembamba ikanywa damu. Mnyoo jike hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo mayai hutoka pamoja na choo. Mtu akijisaidia shambani, chini ya migomba au penye kivuli chenye unyevu, mayai yale huanguliwa kwa siku moja au mbili. Baada ya siku tano mpaka kumi vijidudu vyake huwa tayari kuingia mwilini mwa mtu. Ni vidogo mno, jicho halivioni. Hukaa udongoni kwa majuma kadhaa vikingoja, na mguu mtupu ukanyagapo hupenya ngozi, hasa katikati ya vidole palipo laini. Mtu husikia mwasho kidogo tu, akajikuna, akasahau. Navyo hufuata damu mpaka moyoni na mapafuni, hupanda koo, humezwa pamoja na mate, vikafika tumboni na kukua huko. Mnyoo mmoja hunywa tone dogo tu. Lakini ikiwa mingi, mtoto hukaushwa damu mchana na usiku, huku wazazi wamwita mvivu.

Jambo hili la kupenya ngozi lilijulikana kwa namna ya ajabu. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwako mjini Cairo, nchi ya Misri, mtaalamu Mjerumani, jina lake Arthur Looss. Watu wa wakati ule walidhani kwamba safura huingia kwa njia ya kinywa tu. Siku moja alipokuwa katika kazi yake, maji yenye vijidudu vile yalimdondokea mkononi. Mahali pale pakawasha na kuwa pekundu. Hakupuuza, akaendelea kukichunguza choo chake mwenyewe, na baada ya muda akayaona mayai ya safura. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mlango wa ugonjwa huu ni ngozi, na kwa mkulima mlango huo ni unyayo wake.

Tena msidhani kwamba safura ni ya watu weusi tu au ya Afrika tu. Huko Marekani, katika majimbo ya kusini, wakulima wengi maskini waliotembea bila viatu walikuwa nayo, na magazeti ya huko yalikiita kijidudu hicho kijidudu cha uvivu. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 ili ugonjwa upigwe vita, na kazi hiyo ikaendelea katika majimbo 11 mpaka mwaka 1914. Watu walipewa dawa, wakafundishwa kuchimba vyoo na kuvaa viatu. Basi wale nao walikuwa wameitwa wavivu kwa miaka mingi, kumbe ni damu. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka binti yetu na palizi zake za Jumamosi.

Safura siyo peke yake. Wako funza, ambao asili yao si nchi hizi. Walikuja kwa merikebu kutoka Brazil mpaka pwani ya Angola mwaka 1872, kisha wakasafiri miguuni mwa watu, wakavuka bara zima mpaka pwani yetu. Wao hupenda mavumbi na mchanga mkavu, huingia vidoleni na visiginoni, na mtoto mwenye funza wengi huchechemea hata ashindwe kwenda shule. Iko pepopunda, ambayo mbegu zake hukaa udongoni na katika samadi, huingia kwa tundu la msumari au la mwiba, nayo yaua. Viatu huizuia njia, lakini chanjo ndiyo ngao yake hasa, wala asiache mtu kuipata.

Uko na ugonjwa mwingine ambao wengi hawaujui. Sisi watu wa pwani tukiona mguu uliovimba kama kinu twasema ni matende ya mbu, na mara nyingi ndivyo. Lakini katika milima yenye udongo mwekundu uliotokana na volkano, penye mvua nyingi, kama Ethiopia, Rwanda, Burundi, Kameruni, na sehemu za Uganda, Kenya na Tanzania, yako matende yasiyoletwa na mbu wala mdudu yeyote. Huletwa na udongo wenyewe. Chembe zake ndogo sana hupenya ngozi ya mguu mtupu mwaka baada ya mwaka, zikaharibu mishipa midogo ipitishayo maji ya mwili, mguu ukavimba. Daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, ndiye aliyelifafanua jambo hili katika miaka ya 1970. Na mwaka 2015, katika wilaya ya Kamwenge, magharibi ya Uganda, wachunguzi walikwenda kuwatazama watu waliovimba miguu, wakaona chanzo si mbu bali ni kulima miguu mitupu katika udongo wa namna hiyo. Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu anayevaa viatu tangu utoto na kunawa miguu kila siku kwa sabuni hawezi kuupata. Na aliyekwisha kuupata, akianza mapema kuosha, kupaka mafuta, kufunga bendeji na kuvaa viatu, huona nafuu. Hebu fikirini ni wangapi waliotengwa na jamaa zao, wakaambiwa wamelogwa, na dawa ilikuwa sabuni na viatu!

Mwisho tuwataje nyoka. Hatari zaidi kwa mkulima ni kifutu, wengine humwita moma, kwa sababu hakimbii. Nyoka wengine wasikiapo kishindo hujiondokea. Yeye hulala kimya kati ya majani makavu, akikanyagwa huuma. Na wengi waumwao shambani huumwa mguuni. Shirika la Afya la Dunia liliitia sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, nalo lakisia kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali upesi.

KIATU GANI KWA KAZI GANI

Sasa twaja kwenye neno lenyewe. Hakuna kiatu kimoja kifaacho kila kazi, kama vile hakuna jembe moja lifaalo kila udongo. Tuvitazame vile vipatikanavyo kwetu.

Ndala, au kandambili, ni viatu vya kuogea na vya kwenda chooni usiku. Kwa kwenda chooni ni vyema sana. Kwa kulimia havifai. Soli yake ni laini, mwiba wa mchungwa huipenya. Penye matope huteleza na kukatika kamba. Tena huacha vidole wazi mbele ya jembe. Hata hivyo, aliye na ndala tu na azivae, kwa maana unyayo uliofunikwa nusu ni afadhali kuliko unyayo usiofunikwa.

Viatu vya matairi, ambavyo huku kwetu huitwa katambuga na Kenya huitwa akala, ni sifa ya mafundi wetu. Fundi hukata tairi kuukuu la gari akatengeneza soli, na mikanda huifanya kwa mpira wa ndani ya tairi. Bei yake ni ndogo, hudumu miaka, na mwiba hauipiti soli. Wafugaji hutembea navyo nyikani umbali mkubwa. Katika nchi kavu, penye mawe na miiba, ni viatu vya akili. Lakini vimefunguka pembeni na juu. Udongo wenye unyevu huingia mpaka kati ya vidole, na pamoja na udongo huingia safura. Wala havimkingi mtu na nyoka wala na jembe lililoteleza.

Raba za kitambaa ni nyepesi, na mkulima wa bustani ndogo ya mchicha aweza kuzitumia wakati wa kiangazi. Asubuhi penye umande hulowa, na kiatu kilicholowa kikavaliwa kutwa huleta vidonda na fangasi katikati ya vidole. Basi raba ni za udongo mkavu, tena zisifuliwe leo jioni zikavaliwa kesho hazijakauka.

Viatu vya ngozi vyenye shingo ndefu, vyenye soli nene, ndivyo bora kwa kazi nzito ya nchi kavu: kung'oa visiki, kupasua kuni, kulima kwa jembe uma, kubeba mawe. Ngozi huvumilia pigo, nayo huupa mguu pumzi. Wengi huvipata katika mitumba, hasa vile vya mafundi wa viwandani vyenye chuma puani. Ni vizito, lakini kidole kilichokatwa hakioti tena.

Viatu virefu vya mpira, ambavyo watu huviita gambuti, ndivyo tunavyovipendelea kwa mkulima wa nchi yenye unyevu kama yetu. Asili yake yafaa kujulikana. Mmarekani Charles Goodyear alipata hati ya ufundi wake mwaka 1844, ufundi wa kupika mpira pamoja na kiberiti ili usiyeyuke kwa joto wala kukatika kwa baridi. Mwaka 1853 mwenzake Hiram Hutchinson alianzisha kiwanda Ufaransa, akawashonea wakulima wa huko viatu vya mpira. Wakulima wale kabla ya hapo walivaa viatu vya mti, na jioni walirudi nyumbani miguu imelowa. Basi gambuti zimekuwa viatu vya wakulima tangu mwanzo wake, wala si anasa ya mtu.

Gambuti hufunika mguu mpaka karibu na goti. Huzuia safura, udongo mwekundu, umande, na meno ya nyoka walio wengi. Katika majaruba ya mpunga huzuia na kichocho, maadamu maji hayajapita ukingo wake. Maji yakipita juu, huwa ni ndoo mbili tu zilizofungwa miguuni. Tena anyunyiziaye dawa ya wadudu hana kiatu kingine. Ngozi na kitambaa hunywa sumu ile, wala haioshwi ikatoka, mpira huoshwa. Naye aweke miguu ya suruali nje ya gambuti, asiichomeke ndani, ili matone yadondoke chini, yasiteremke mpaka unyayoni.

Ubaya wake tusiufiche. Huleta joto na jasho, na ngumu zake huchubua visigino. Tena si chuma: jembe likishuka kwa nguvu hupita. Basi mwenye gambuti asijivune, aangalie alimapo.

DUKANI

Uendapo kununua, nenda alasiri, kwa maana mguu huvimba kidogo kwa kazi ya mchana, na kiatu kilichokutosha asubuhi huenda kikakubana jioni. Chukua soksi utakazozivaa. Simama wima kwa miguu yote miwili; mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Tembea. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, kiatu ni kikubwa, kitakuangusha penye mteremko na matope yatakinyonya kikubaki nyuma. Usidanganyike na neno la muuzaji kwamba kitapanuka; mpira haupanuki.

Kisha pindua utazame soli. Iwe na meno marefu yaliyoachana, ili matope yaanguke. Meno mafupi yaliyobanana hujaa mara moja, ukawa umevaa sahani. Ingiza mkono ndani, upapase kama kuna msumari au mshono mgumu. Kunja kiatu katikati: kikionyesha nyufa nyeupe, kimezeeka dukani. Mimina maji kidogo ndani ya gambuti za mitumba ungoje. Palipo na tundu patajionyesha.

NANI AVALISHWE KWANZA?

Hapa ndipo penye neno zito kuliko yote, nasi twalinena kwanza kwa nafsi yetu. Katika nyumba nyingi ziko gambuti jozi moja, nazo ni za baba. Lakini tazameni shambani. Nani apandaye? Nani apaliliaye majuma kwa majuma, ameinama, miguu imo udongoni toka asubuhi? Ni mama, na nyuma yake watoto. Baba hulima kwa siku chache za kutifua, kisha huenda barazani, au kwa sisi, huenda darasani, na gambuti zake hukaa zikining'inia ukutani. Hivyo kiatu chamkinga ukuta.

Tena mama mjamzito ndiye anayehitaji damu kuliko watu wote nyumbani, kwa nafsi yake na kwa mtoto aliye tumboni, na safura humnyang'anya wote wawili. Basi fedha ikiwa ni ya jozi moja, iwe ya mama. Ikipatikana ya pili, iwe ya mtoto anayepalilia. Baba aliye na nguvu na avae katambuga mpaka zamu yake ifike. Najua wako watakaosema kwamba tunawapindua wazee. Hatupindui mtu, twahesabu tu siku ambazo kila mguu hukaa udongoni.

Na watoto hukua. Usimnunulie mtoto kiatu kipana cha miaka mitatu, atakivua afikapo shambani kwa sababu kinamwangusha. Nyumba jirani na zibadilishane: kilichombana wa kwenu huenda kikamtosha wa kwao.

KUVITUNZA

Kabla ya kuvaa, pindua kila kiatu, ukikung'ute chini. Nge na buibui hupenda giza, na nyoka mdogo hupenda joto. Watoto wafundishwe hivi hata iwe desturi, kama kunawa mikono kabla ya kula.

Ukirudi, osha matope nje kwa maji, kisha simika vijiti viwili ardhini kivulini, uvitundike viatu hapo, vinywa vikiangalia chini. Usivianike juani kutwa wala karibu na moto. Mpira hupasuka na ngozi hukakamaa. Vya ngozi vilivyolowa jaza magazeti ndani, na vikikauka vipake mafuta. Gambuti ya mpira halisi ikitoboka, fundi wa baiskeli huiziba kwa kiraka na gundi yake. Lakini nyingi za siku hizi ni za plastiki, nazo hazishiki gundi hiyo vema, basi uliza kabla hujalipa. Miguu nayo ioshwe kwa sabuni, ifutwe hata kati ya vidole, soksi zifuliwe. Kiatu kichafu juu ya mguu mchafu ni ugonjwa uliovikwa nguo.

Wala mtu asidhani kwamba kwa kununua viatu amemaliza kazi. Kiatu huzuia safura isiingie. Choo huizuia isipandwe. Mwenye gambuti akijisaidia chini ya migomba, amempandia safura jirani yake asiye nazo. Na dawa ya minyoo igawanywayo shuleni watoto waimeze kila igawanywapo, kwa maana huitoa minyoo iliyomo; lakini haimzuii mtoto kuipata mingine kesho akirudi shambani miguu mitupu.

Walimu wenzetu, tuna neno moja kwenu. Mtoto asinziaye, aliye nyuma ya wenzake njiani, aulaye udongo, asiitwe mvivu mpaka macho yake yametazamwa. Na bustani ya shule isiwe mahali pa kuwatia watoto safura kwa jina la kuwafundisha kilimo. Kama viatu havitoshi, wafanye kazi kwa zamu, wenye viatu wapalilie, wasio navyo wapande mbegu vitaluni na kumwagilia wakiwa wamesimama mahali pakavu.

Binti yetu alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akala mboga za majani na maharage, na baada ya miezi michache tulimwona akikimbia. Tulimwita tukamwambia mbele ya ndugu zake, wale wale waliosikia tulipomkemea, kwamba hakuwa mvivu, na kwamba sisi ndio tuliokosa. Tulimpa gambuti ndogo nyeusi. Akazishika akauliza, "Baba, hizi ni za kuvaa siku zote?" Tukamjibu, "Siku zote za kazi."

Viatu vile vyeupe vilimbana kabla havijachakaa. Vilitoka sandukuni safi kama siku tulipovinunua, akapewa mdogo wake. Lakini penye ukuta wa jiko letu leo vimesimikwa vijiti vingi, na jioni vinywa vya gambuti huangalia chini vikidondosha maji ya matope. Atakaye kuijua nyumba inayowapenda watoto wake, asitazame tu viatu waendavyo navyo kanisani. Apite na nyuma ya jiko.